Vidole Kumi vya Kisima-Nane

Kipimo changu kiliandika: MTU MMOJA.

Nikakipiga kofi ubavuni, kama watu wanavyoipiga redio. Nikakizima, nikakiwasha upya, nikachomoa waya kwenye kompyuta ya Bi Sikudhani, nikaupuliza vumbi la chumvi na kuurudisha. Orodha ikateremka tena kwenye kioo, majina mia tatu na sita, watu wote wa Kisima-Nane ukiwatoa wanaonyonya. Chini kabisa, kwa herufi nyekundu, maneno yaleyale. Majina mia tatu na sita. Kompyuta moja. Mtu mmoja.

"Imesemaje?" akauliza Bi Sikudhani.

Alikuwa ameketi mbele ya kibodi yake ndani ya kibanda cha mabati kando ya pampu, mwanamke mfupi mnene, miwani ameifunga kwa uzi wa nailoni. Nilikuwa nimefika kwake asubuhi hiyo kwa pikipiki ya jua. Lango, mtambo unaomtambua kila mtu nchini kabla hajapewa maji, lilinituma nikague kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi kupita kiasi. Nilidhani ni kazi ya saa moja, ninywe chai, niende zangu. Nimezunguka nchi hii miaka kumi na minane nikikagua milango, na nimeona kompyuta za kila namna, hata moja iliyotumiwa na kanisa na baa kwa zamu. Hakuna iliyowahi kuniambia neno kama hilo.

"Inasema wanaoingia kupitia hapa ni mtu mmoja tu."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Iambie igeuke nyuma ihesabu."

Nyuma yangu foleni ya ndoo ilizunguka nyumba tatu. Nilikuwa nimeagiza watu wote waje wenyewe siku hiyo, na walikuja wote. Wa kwanza alikuwa kinyozi wa pale, Mwinyimvua, mzee mrefu mwenye mdomo usiopumzika.

"Fundi, kama unakagua, kagua," akasema. "Kama unaipiga mashine ya watu makofi, tupishe tuchote maji. Dada, nifungulie."

Bi Sikudhani hata hakumtazama. Vidole vyake vikapita juu ya kibodi, ta-ta-tata-ta, jina la Mwinyimvua likaandikika. Kioo kikasema KARIBU, MWINYIMVUA. Nje pampu ikakohoa, ikamwaga maji yake ya siku ndoo mbili, ikanyamaza.

Jua la saa tatu lilikuwa limeshaanza kuchoma.

"Mama," nikamwambia, "kila siku wewe ndiye unayewaandikia?"

"Nani mwingine? Hawa wanavuna chumvi. Tazama vidole vyao."

"Wote?"

"Tangu Lango lilipokuja. Mwaka wa kumi na moja huu. Mimi ndiye niliyejua herufi, fundi. Wao wanasema majina, mimi naandika. Kuna ubaya?"

Nikatafuta kigoda, nikakaa.

Enzi za nywila zilikwishapita. Watu waliazimana nywila kama chumvi, waliziandika ukutani, walizisahau, mwisho Lango likazifuta zote. Badala yake likajifunza kutambua vitu viwili. Kwanza kompyuta yenyewe, kwa kasoro zake ndogo ndogo, maana hakuna mbili zinazofanana. Saa ya hii inachelewa kwa kiasi fulani, feni yake inakwaruza, joto lake linapanda kwa mwendo wake. Pili, vidole. Unaandika jina lako tu, basi, na Lango linasikiliza muda kati ya herufi na herufi. Mwendo huo huwezi kuuazima wala kuuiba. Nimewaeleza watu hivyo katika miji mingi, na niliwaambia kwa fahari.

Mwezi uliopita Lango lilikuwa limeongezewa masikio. Sasa liliweza kulinganisha vidole vya mlango mmoja, yaani jina la mtu mmoja, na vya mlango mwingine, nchi nzima.

*

Nilitaka kuhakikisha. Nikamwita mtu yeyote wa karibu, na wa karibu alikuwa mwanamke kijana aliyevaa nyeupe tupu, amejifunika, amesimama mbali kidogo na wanaume. Eda ilimruhusu kutoka kwa dharura tu, na ukaguzi ni dharura.

"Jina lako nani, binti yangu?"

"Kidawa."

"Njoo uandike mwenyewe. Mama atakuonyesha herufi, lakini asikuguse."

Kidawa akasogea. Bi Sikudhani akamwonyesha, ile pale, sasa hii, sasa ile ya juu. Akagusa kila herufi kwa ncha ya kidole kimoja, kama anayepima iwapo sufuria imepoa. Alichukua muda mrefu. Watu walio mlangoni wakamshangilia kidogo, na mimi mwenyewe nikamwambia hongera.

Kioo kikaandika: WEWE SI KIDAWA.

"Imeandika nini?" akauliza.

Nilimsomea. Sikuweza kumficha.

"Mimi si nani?"

"Rudia, binti yangu. Huenda umekosea herufi."

Akarudia. Herufi zote zilikuwa sawa, niliziangalia moja baada ya moja. WEWE SI KIDAWA. UMEBAKIZA JARIBIO MOJA KABLA YA MLANGO HUU KUFUNGWA.

Bi Sikudhani hakuvumilia. Kabla sijamzuia alipeleka mikono yake kwenye kibodi, kama mama anavyomfuta mtoto pua bila kufikiri. Ta-tata-ta.

KARIBU, KIDAWA.

Pampu ikakohoa. Maji yakamwagika chini maana hakuna aliyekinga ndoo.

Pale watu huchota hata matone ya mwisho kwa kitambaa, na maji yale yalikwenda mchangani na hakuna aliyeyafuata. Kidawa alikuwa akimtazama Bi Sikudhani, Bi Sikudhani akiitazama mikono yake.

"Kwa hiyo Kidawa ni wewe, Shangazi," Kidawa akasema polepole. "Na mimi je?"

Mwinyimvua peke yake ndiye aliyepata sauti. "Na mimi pia ni yeye? Sikudhani, miaka yote hii nanyoa ndevu zako?"

Wachache wakacheka, kicheko cha watu walioogopa. Mimi nilikuwa nimeshainamia orodha, naishuka jina kwa jina, nikitafuta angalau mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vyake. Sikumpata. Nikafika jina la Kapilima, lililofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hiyo, nikaliita kwa sauti. Nilitaka mwanamume mwenye mikono mikubwa ajaribu.

"Kapilima yuko wapi?"

Watu wakamgeukia yule mwanamke mwenye nyeupe.

"Kapilima ni mume wangu," Kidawa akasema. "Tumemzika. Leo ni siku ya thelathini na moja."

Nikamgeukia Bi Sikudhani.

"Mama. Umemfungulia mlango maiti?"

"Usiseme maiti mbele ya mkewe!" Alisimama, kigoda kikaanguka. "Ndiyo, nimemfungulia. Kila siku. Jina la mtu halizimwi kabla ya arobaini yake. Maji yake ndiyo yanayopika chai ya wanaokuja kumwombea. Hivyo ndivyo tunavyofanya hapa, kwa kila anayetutoka. Ikifika arobaini tunasoma khitma, naandika kwamba amefariki, mlango unafungwa. Kosa liko wapi?"

Nilitaka kumwambia kosa liko wapi. Katika milango yote, Lango linachukia zaidi ule wa marehemu unaofunguliwa na aliye hai, kwa sababu wezi wakubwa walianzia hapo. Lakini kipimo changu kikalia kabla sijafungua mdomo.

Lango lilikuwa limesoma kila nilichopima. Nikaisoma amri yake mara mbili kimoyomoyo, mara ya tatu kwa sauti, kwa sababu iliwahusu wao, si mimi.

MTAJE MMILIKI WA VIDOLE HIVI KABLA YA SAA SABA MCHANA. ASIPOTAJWA, MILANGO YOTE MIA TATU NA SITA ITAFUNGWA.

*

Aliyefungiwa mlango aliweza kusafiri mpaka Makao Makuu ya Lango akajiandikishe upya kwa vidole vyake. Ni mwendo wa siku kumi na moja. Katika siku hizo kumi na moja maji yanapatikana kwenye pampu tu, na kila pampu inauliza wewe ni nani. Hapo hesabu ikaisha bila mimi kuimaliza, kila aliyekuwepo aliweza kuona mwisho wake.

Nikawaeleza na upande wa pili. Nikimtaja mmiliki, yeye peke yake ndiye anayebeba wizi wa wote. Milango ya wengine inarudi kwao, nami nina vifaa mfukoni vya kuwaandikisha hapohapo, kila mtu kwa kidole chake.

"Na huyo anayetajwa?" akauliza mtu.

"Anafungiwa maisha. Na yeyote atakayempa maji anafungiwa naye."

Bi Sikudhani aliinua kigoda chake, akakaa. Akaiweka miwani sawa.

"Basi kuna shida gani? Andika Sikudhani binti Maulidi. Mkaniletee uji mkinikumbuka."

"Hatutaweza kukuletea uji, Mama. Hicho ndicho ninachokuambia."

"Nimesikia. Nimekula uji wa kutosha. Andika, muda unakwenda."

Watu wakalipuka. Huyu anasema haiwezekani, yule anasema afadhali tukose wote, mwanamke mmoja analia waziwazi akisema Bi Sikudhani ndiye aliyemzalisha watoto wake wanne. Wengine, nami niliwaona, walinyamaza na kutazama chini, nao sikuwalaumu, kila mmoja ana watoto nyumbani. Ilikuwa imekaribia saa sita. Nilikuwa nimeshika kalamu ya kioo na mkono hautaki kwenda.

Mwinyimvua, asiyejua kunyamaza, akaropoka. Nieleze jambo moja, kwa anayetoka mbali. Yeye ni Mzaramo na Kapilima alikuwa Mnyamwezi, na watani hao hawaachani hata kaburini. Siku ya mazishi alilala ndani ya mwanandani wa kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia, na ndivyo inavyotakiwa. Mtani ana ruhusa ya kumtukana marehemu, kwa sababu anafanya hivyo badala ya kuzimia.

"Nyie mnahangaika nini!" akasema, machozi yanamtoka na meno yako nje. "Mwizi si tunaye? Mwandikeni Kapilima! Mnyamwezi yule alizaliwa mwizi. Kaiba kuku wangu, kaiba msichana mzuri kama Kidawa, sasa kaiba majina ya watu. Yuko chini anacheka. Mfungieni mlango, tuone atakwenda pampu gani!"

Wakacheka. Hata Kidawa chini ya kitambaa chake cheupe mabega yalimtikisika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama jina lake kwenye orodha. Kwa Lango, Kapilima alikuwa hai. Alichota maji saa kumi na mbili asubuhi. Majina mia tatu na sita, vidole vya mtu mmoja, na yeyote kati ya hao mia tatu na sita aliweza kuwa mwenye navyo.

"Anaweza kuandikwa," nikasema.

Kicheko kikakatika.

"Unasema nini?" akauliza Mwinyimvua.

"Ulichosema. Lango halijui kwamba amekufa. Nikiandika kwamba vidole ni vyake, litaamini. Mwizi akiwa marehemu, adhabu inakomea kwake."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika kama wa yule mzee. Alirudi nyuma hatua mbili mpaka akagonga bati.

"Fundi, ule ni utani! Utani wa msiba! Wewe si mtu wa nchi hii? Kapilima hakuchukua hata sindano ya mtu! Futa! Sikusema!"

"Sijaandika bado."

"Na usiandike! Atakuja kuniuliza Kapilima. Nitamwambia nini, kwamba nilikutania ukawa mwizi kweli?"

Kidawa akafunua uso. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Akaniuliza maswali yake moja moja, kama anayenunua kitu asichokitaka.

"Jina lake litakuwaje?"

"Litaandikwa mwizi. Litabaki hivyo. Halifutwi."

"Tuna mtoto. Nyamizi Kapilima."

"Hataruhusiwa kulibeba. Ataandikwa kwa jina lako."

"Na akikua akasoma?"

"Atasoma kwamba baba yake aliiba milango mia tatu na mitano."

Bi Sikudhani akasimama kwa mara ya pili. "Kidawa, nyamaza. Huyu mtu usimjibu. Vidole ni vyangu, mimi ndiye niliye hai, jina ni langu. Sitajificha nyuma ya kaburi la mume wa mtu."

"Shangazi, na ukifa kwa kiu pale mlangoni kwako, mimi nikipita na ndoo? Nikutazame?"

"Geuza uso."

"Wewe uliwahi kutugeuzia?"

Bi Sikudhani akakaa tena.

Nami nilikuwa na langu. Kutia saini uongo ule kwa vidole vyangu kulimaanisha kwamba siku wakigundua, mlango utakaofungwa ni wangu, tena nikiwa njiani, kama nilivyo daima. Lakini si hilo lililonikwaza zaidi. Aliye hai angeweza kusema hapana. Marehemu hana pa kukata rufaa. Unamchukua mtu aliyemaliza mwendo wake vizuri, watu wamemshuhudia, wamemfukia, halafu unarudi kumvalisha uchafu, eti kwa sababu ndiye pekee asiyeweza kuhisi kiu. Kila nilipojiambia kwamba ni afadhali, nilimwona yule mzee amegandamana na bati.

"Kuna jambo jingine," nikamwambia Kidawa, maana lazima ajue lote. "Mlango wake umefunguliwa leo asubuhi. Marehemu hafungui mlango. Kwa hiyo haiwezi kuandikwa kwamba alifariki siku thelathini na moja zilizopita. Itabidi iandikwe alifariki leo, baada ya kuchota maji. Wewe ndiye utakayethibitisha, ni mkewe."

Akakaa chini palepale mchangani, penye unyevu wa maji yaliyomwagika.

"Eda yangu ianze leo?"

"Kwenye Lango."

"Siku thelathini na moja nimekaa." Hakuwa akiongea na mimi. "Nimezihesabu kwa kokoto."

Mwinyimvua akavua kofia, akachuchumaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza alisema taratibu. "Shemeji, ukikataa hakuna atakayekusema. Mimi wa kwanza."

Kidawa akakusanya mchanga mbichi kiganjani, akauachia. Kisha akasema, "Mungu anajua siku aliyomchukua. Anajua na alikuwa mtu gani. Tunayemdanganya ni Lango." Akakung'uta kiganja. "Lakini Kapilima naye angependa kuulizwa. Alikuwa anachukia kuamuliwa mambo."

"Angesemaje?" nikauliza.

"Angenuna siku mbili. Halafu angekubali."

Akafunika uso. "Andika, fundi."

*

Niliandika saa sita na dakika hamsini. Nikatia jina langu kwa vidole vyangu, Lango likanitambua, likanishukuru kwa uaminifu wangu. Neno hilo lilitumika.

Jibu likaja papo hapo. MMILIKI: KAPILIMA. HALI: ANASUBIRI UTHIBITISHO WA KIFO. VIDOLE HIVI VITAZIKWA NAYE.

Ilinibidi kumfafanulia Bi Sikudhani, na afadhali ningemfafanulia kabla. Vidole vyake sasa vilikuwa vya mtu aliyekufa. Kibodi yoyote nchini itakayovihisi itapiga kelele, hata akiandika herufi moja, hata akiwa na miaka tisini. Hakuniuliza mara ya pili. Aliikunja mikono, akaifunga ndani ya ncha ya khanga yake, mafundo mawili kwa meno, akaninyooshea ili nione kwamba imefungwa vizuri.

"Sasa nitawaelekeza kwa kidevu," akasema. Sauti yake haikuwa sauti niliyoikuta asubuhi.

Foleni ikajipanga upya bila kelele. Hakuna aliyetaka kutangulia. Kidawa akasogea, kwa sababu uthibitisho ulikuwa wake, na bila huo hakuna ambaye angeandikishwa. Nikafuta mlango wake wa zamani, ule wa vidole vya Bi Sikudhani, nikamfungulia mpya. Akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Safari hii Lango halikumkatalia. Lilikuwa linajifunza, likisubiri kwa adabu kati ya herufi na herufi, linameza mwendo wake.

KARIBU, KIDAWA, likasema. Watu wakashusha pumzi. Yeye hakushusha.

Mstari wa pili ukatokea. Nikamsomea.

"Inauliza mumeo alifariki lini."

"Niandike nini?"

Sikuweza kulitamka. Nilitazama pembeni. Bi Sikudhani ndiye aliyesogea karibu naye, mikono yake imefungwa kifuani kama mzigo, akamwelekezea kwa kidevu.

"Ile ya kulia, mstari wa katikati. Yenye fimbo. Hiyo."

Kidawa akagusa.

"Sasa juu, kushoto. Ya tatu. Hiyo."

Akagusa.

"Juu tena, upande wa pili. Ile ya mviringo."

Kidole chake kikasimama juu ya herufi. Kule nyuma Mwinyimvua alikuwa ameanza kulia kwa sauti, kilio cha siku ya kwanza, kile cha kupokea habari, na wanawake wakampokea mmoja mmoja, mpaka foleni nzima ikawa inamlia Kapilima kana kwamba ndiyo kwanza wanaambiwa.

Akagusa.

Nikatazama kioo. Mbali na jina lake, ndilo neno la kwanza Kidawa aliloandika kwa mkono wake tangu azaliwe. Leo.